Nani Atawafundisha Muziki Watoto wa Keza?

Ukitaka kuwachekesha wanachuo, waambie kuna mtu anasoma shahada ya muziki. Nimelijaribu hili pale kafteria zaidi ya mara moja. Wa kwanza atauliza, "Yaani miaka mitatu mtu anajifunza kuimba?" Wa pili atataka kujua kama mtihani wa mwisho ni wa kukata mauno. Wa tatu, yule mwenye busara za mezani, atasema Diamond hana digrii ya muziki na hela yake hamfikii profesa yeyote. Hapo mjadala unafungwa, wali maharage unaendelea.

Mimi nasema tunaufunga mapema mno. Na niseme kabisa kwamba sisomi muziki. Nasoma elimu, masomo yangu ya kufundishia ni Kiswahili na Historia. Natoka Keza, wilayani Ngara, mkoa wa Kagera, na sina ndugu aliyeomba nafasi ya kusoma muziki akanyimwa. Nina swali moja tu la mwalimu mtarajiwa: nchi ikisema muziki ufundishwe shuleni, nani ataufundisha? Nikilifuata swali hili hadi mwisho, naona shahada ya muziki inatuhusu sisi watu wa elimu kuliko inavyowahusu hao mastaa tunaowataja mezani.

Hoja ya Diamond

Tuanze na hoja hiyo kwa kuwa ndiyo inayopigiwa makofi. Ni kweli, wanamuziki wetu wakubwa wengi hawakupitia chuo kikuu. Siti binti Saad hakupitia. Bi Kidude hakupitia. Mbaraka Mwinshehe hakupitia. Marehemu Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma aliyepiga ilimba na zeze hadi majukwaa ya Ulaya, hakuwa na digrii, na bado alikuwa mwalimu Chuo cha Sanaa Bagamoyo. Orodha ni ndefu na sina ubishi nayo.

Lakini Shaaban Robert naye hakuwa na shahada ya Kiswahili. Sijawahi kumsikia mtu akisema kwa sababu hiyo tuifunge idara ya Kiswahili. Kila mtu anaelewa kwamba idara ile haipo kwa ajili ya kumzalisha Shaaban Robert mwingine. Ipo ili kazi ya Shaaban Robert isomwe, ichambuliwe, na imfikie mtoto wa kidato cha tatu kupitia mwalimu anayejua anachokifundisha. Mshairi huzaliwa popote anapotaka, ila mwalimu wa ushairi lazima aandaliwe. Kwa nini kwenye muziki tunaisahau hesabu hii?

Anayesoma shahada ya muziki hasomi kuimba tu, kama ambavyo anayesoma Kiswahili hasomi kuongea tu. Anajifunza kusikia: unampigia wimbo, anaandika alichosikia. Anajifunza kupanga sauti nne zisigongane. Anajifunza ala moja kwa kina na nyingine kwa kuzifahamu. Anasoma historia ya muziki, wa kwetu na wa wengine. Anajifunza kwenda kijijini na kinasa sauti, kumhoji mzee, na kurudi na maandishi ambayo mtu mwingine anaweza kuyafanyia kazi. Mghana J. H. Kwabena Nketia aliifanya kazi hiyo maisha yake yote, na kitabu chake kuhusu muziki wa Afrika kilichotoka 1974 hadi leo kinasomwa vyuoni duniani. Hakuwa staa wa redioni. Alikuwa msomi, na kwa usomi wake wapiga ngoma wa Ghana wana mahali pa kusimama kwenye maktaba za dunia.

Nchini kwetu mlango upo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinafundisha muziki, na Tumaini Makumira kule Usa River, Arusha, kina shahada ya muziki. Chini ya ngazi ya shahada ipo TaSUBa ya Bagamoyo, iliyoanza mwaka 1981 kama Chuo cha Sanaa, na Zanzibar kuna chuo cha muziki cha nchi za majahazi, kinachofundisha taarabu na ala zake. Majirani zetu Makerere na Kenyatta nao wana idara za muziki za miaka mingi. Kwa hiyo si jambo la kubuni. Jambo lipo, ila tunalipita kama daladala iliyojaa.

Nilichokiona fildi

Mwaka jana nilifanya mazoezi ya kufundisha katika shule moja ya sekondari wilayani Ngara. Sitaitaja jina, maana ninayoyasema ungeyakuta shule yoyote. Wiki ya pili niliitwa ofisini nikaambiwa, "Mwalimu, tunasikia unaimba kwaya. Basi kwaya ya shule na ngoma ni zako." UMISSETA ilikuwa inakaribia, na kwaya na ngoma zimo kwenye mashindano hayo. Mwalimu aliyekuwa akizisimamia alikuwa wa Baiolojia, na mwenyewe alishukuru kupumzika.

Hebu fikirini hapo. Hakuna mkuu wa shule atakayemwambia mwalimu, "Tunasikia una afya nzuri, chukua Baiolojia." Lakini muziki unagawiwa kwa tetesi. Ukionekana unatikisa kichwa wimbo ukipigwa, umeshakuwa mwalimu wa muziki.

Nilipata wanafunzi kama arobaini. Nilichokikuta pale ndicho kilichonifanya niandike makala hii. Alikuwapo binti wa kidato cha pili ambaye ukimwimbia mstari mara moja, anakurudishia sauti ya pili bila kufundishwa na mtu. Walikuwapo vijana sita wa ngoma. Mmoja alishika mapigo yasiyobadilika, wengine wakaingia na kutoka kwa ishara ya fimbo ya yule aliyesimama katikati. Nilirekodi kwa simu. Nilisikiliza usiku mara nyingi nikijaribu kuhesabu, na kila nikihesabu upya napata mpangilio mwingine, kwa sababu hesabu ya mpigaji mmoja haianzii ilipoanzia ya mwenzake. Wale vijana walikuwa wanafanya kwa mikono jambo ambalo mtu aliyesomea angehitaji kurasa kadhaa kulieleza.

Siku moja baada ya mazoezi yule binti akaniuliza, "Mwalimu, hiki kitu kinasomewa wapi?" Nikamtajia vyuo. Akauliza tena, "Mpaka chuo kikuu?" Nikasema ndiyo, mpaka chuo kikuu. Alicheka, lakini si kicheko cha kafteria. Kilikuwa kicheko cha mtu aliyeambiwa kuwa ile njia ya nyuma ya nyumba yao inafika mjini.

Baba yake nilikutana naye sokoni. Nikamwamkia, tukaongea habari za maharage na bei, kisha akaingia kwenye jambo lenyewe. "Mwalimu, nasikia unamwambia mwanangu akasome ngoma chuo kikuu. Ngoma si zipo hapa hapa? Aende Dar kufuata nini?"

Ndugu msomaji, lile ndilo swali gumu kuliko yote niliyoulizwa fildi, pamoja na ya msimamizi aliyekuja kunikagua. Na yule mzee alikuwa na haki nusu.

Ngoma zipo, maandishi yako wapi?

Haki yake ni hii: ujuzi upo Keza. Hautoki Dar. Sisi Wahangaza na Washubi tunaishi jirani na Burundi, na lugha yetu na Kirundi ni ndugu wa karibu. Kule Burundi ngoma ya kifalme ina mpangilio unaojulikana. Ngoma ya katikati, inkiranya, ndiyo inayoongoza. Ngoma ziitwazo amashako hushikilia mapigo yasiyokatika. Zile ziitwazo ibishikizo hufuata amri ya inkiranya. Neno lenyewe ingoma kwa Kirundi ni ngoma na pia ni ufalme. Mwaka 2014 UNESCO iliiingiza ngoma hiyo katika orodha ya urithi wa binadamu. Haikuingia kwa sababu ina kelele nyingi. Iliingia kwa sababu kuna watu walikaa, wakaieleza, wakaandika, wakapeleka.

Upande wetu wa mpaka tuna ngoma zetu na wapigaji wetu. Pale nilipofundisha nilipekua kabati la vitabu nikitafuta kitu chochote kuhusu muziki wa Ngara ambacho mwanafunzi angeweza kukisoma. Nilipata atlasi tatu na mwongozo wa Uraia.

Sogea Bukoba kwa Wahaya, kuna enanga, ile ala ya nyuzi inayopigwa huku mtambaji akiimba visa vya mashujaa. Tenzi za enanga zimepata bahati: Profesa M. M. Mulokozi alizitafiti kwa miaka mingi, na wanafunzi wa fasihi wanazijua. Lakini hiyo ni kazi ya msomi wa fasihi. Nani anakaa kuandika vidole vinagusa uzi upi, ala inawekwaje sauti zake, na kwa nini mtambaji mmoja anaiweka tofauti na mwingine? Hapo ndipo anapohitajika mtu wa shahada ya muziki, tena ikiwezekana mtoto wa huko huko, anayeielewa lugha bila mkalimani.

Na msiseme ni mambo ya wazee. Mwaka 2001 Saida Karoli, dada yetu wa Kagera, aliimba kwa Kihaya na nchi nzima ikacheza bila kuelewa maneno. Mwaka 2016 Diamond na Rayvanny wakaurudia ule wimbo wake wa Maria Salome kwa namna yao, na kizazi kingine kikacheza. Kwa hiyo huyu huyu Diamond tunayemtumia kuibeza shahada ya muziki alikuja kuchota kisimani kwetu Kagera. Kisima kipo, ila hakina mtu wa kukilinda wala kukieleza.

Ndiyo maana nikamjibu yule mzee hivi: "Baba, haendi kufuata ngoma. Anaenda kujifunza kuiandika ngoma yenu ili mjukuu wako aikute." Alinyamaza kidogo, kisha akauliza ada ni shilingi ngapi. Kwa mzazi wa Ngara, swali la ada ni dalili kwamba mazungumzo yameanza kuwa ya kweli.

Mlango mwembamba

Sasa tuseme yule binti anafika kidato cha sita, mzazi amekubali, na Bodi ya Mikopo imempa bumu. Je, anaingia?

Sharti la jumla la shahada ni prinsipo mbili zenye jumla ya pointi nne. Hilo analiweza. Shida ni kwamba vyuo vya muziki, hapa na kwingineko, huhitaji mtu mwenye msingi: anayesoma nota, aliyegusa kinanda, anayejua ufunguo ni nini. Msingi huo unapatikana wapi? Kwa mtoto wa shule ya kulipia ya mjini, kuna mwalimu wa piano. Kwa mtoto wa Keza, kuna kwaya ya kigango na ngoma ya sherehe.

Na kwaya ya kigango si kitu cha kudharau. Walimu wetu wa kwaya wanasoma nota za do-re-mi, zile alizozieneza John Curwen huko Uingereza katika karne ya 19 na wamisionari wakazileta huku. Kuna wazee ambao hawakumaliza darasa la saba lakini ukiwapa karatasi ya nota hizo wanagawa sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya nne, na ndani ya saa moja wimbo umesimama. Huo ni usomaji. Anayejua do-re-mi kuhamia nota za mistari mitano ni kama anayejua kusoma kwa Kiswahili akahamia Kiingereza: ni kazi, lakini haanzii sifuri. Kumwambia mtu huyo hana msingi ni kumwonea.

Tukimfungia mlango, mduara unajifunga. Shule haina mwalimu wa muziki, kwa hiyo wanafunzi hawasomi muziki. Kwa kuwa hawasomi, wachache wanaomba shahada. Kwa kuwa wanaoomba ni wachache, wanaohitimu ni wachache, na hao wachache wanabaki mijini. Shule inabaki haina mwalimu. Ni kuku na yai, na kwa Ngara hatuna kuku wala yai.

Wakati huo huo mitaala inakimbia mbele. Shule za msingi sasa zina somo la Sanaa na Michezo. Muziki ni somo linalotambulika sekondari. Mwaka 2024 Serikali ilitangaza tahasusi mpya za kidato cha tano, zikiwamo za sanaa. Kwenye karatasi tumefika. Nyerere mwaka 1962, alipoanzisha wizara ya utamaduni, alilalamika kwamba tulifundishwa kucheza rumba na chachacha huku wangapi wetu wakiijua gombe sugu. Leo kilio hicho kina mtaala kamili, lakini darasani bado anasimama mwalimu wa Baiolojia.

Ajira je?

Najua kuna mtu amevumilia hadi hapa akisubiri neno ajira. Sawa, tuliongee.

Mimi na wenzangu wa Kiswahili na Historia tunajua foleni iliyopo mbele yetu. Kila mmoja wetu ana kaka au dada aliyemaliza ualimu, akajaza maombi kwenye mfumo wa ajira, na sasa anauza vocha au anafundisha tuisheni akisubiri. Kwa hiyo anayemwambia mwanafunzi wa muziki "utakufa njaa" mara nyingi ni mtu aliye kwenye foleni ndefu akimcheka aliye kwenye foleni fupi. Sisemi mwalimu wa muziki ataajiriwa kesho asubuhi. Nasema hivi: somo likiwa kwenye mtaala na walimu wakiwa haba, hesabu yake si mbaya kuliko yetu. Na jioni, anayejua kinanda na kupanga sauti ana kwaya za kufundisha, ana harusi, ana studio, ana watoto wa jirani. Mimi jioni nitamfundisha nani Vita vya Majimaji kwa malipo?

Sitaki pia kuipamba. Ala ni ghali, mazoezi yanakula muda, na ukiingia shahada ya muziki ukidhani ni mteremko, utapigwa sapu hadi udisko. Wanaoisoma wanapiga msuli kama wengine, ila msuli wao unasikika hadi chumba cha jirani na ndiyo maana tunalalamika.

Ninachokiomba

Kwa kuwa jarida hili ni la jumuiya yetu, naomba mambo matatu yanayotuhusu sisi, si ya kuwatupia wakubwa wote.

Kwanza, Bunge letu la wanafunzi lipeleke kwenye uongozi wa chuo hoja kwamba muziki uwe miongoni mwa masomo ya kufundishia kwa wanafunzi wa elimu. Hapa kwetu ukiangalia orodha ya kuchagua masomo mawili, muziki haupo. Mtu wa Kiswahili na Muziki angekuwa dhahabu shule za kata: asubuhi anafundisha ushairi, mchana anaonyesha jinsi mizani ya shairi inavyokaa kwenye mapigo. Kama hatuna wahadhiri wa kutosha, tuanze kwa kuazima kutoka vyuo vyenye idara.

Pili, chuo chochote kinachopokea wanafunzi wa muziki kifikirie muhula wa maandalizi kwa walioingia na nota za do-re-mi, ngoma au dufu badala ya piano. Mwombaji asikilizwe kwa kile anachokijua, halafu afundishwe asichokijua. Hiyo ndiyo maana ya shule.

Tatu, hili halihitaji kikao wala bajeti. Hapa chuoni tuna kwaya za TMCS, USCF na TUCASA, na tuna wenzetu wa kaswida wanaopiga dufu vizuri ajabu. Humo ndani wamo wanaosoma nota na wanaoweza kufundisha. Tuwe na darasa la wazi la saa mbili kila Jumamosi, kwa mtu yeyote wa elimu anayekwenda fildi. Akija kukabidhiwa kwaya kwa tetesi, kama nilivyokabidhiwa mimi, awe na pa kuanzia. Mimi nimeshaongea na wenzangu wanne wa kwaya na wako tayari. Tunachohitaji ni chumba, na Waziri wetu wa Elimu anajua vyumba vinavyokaa tupu Jumamosi.

Yule binti yuko kidato cha tatu sasa. Akiendelea vizuri, ataomba chuo baada ya miaka mitatu hivi. Muda huo unatosha kabisa kubadilisha orodha moja ya masomo. Tukishindwa, basi tusimlaumu baba yake akisema ngoma zibaki nyumbani.

Mwandishi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu, Shahada ya Elimu.